Siku Niliyowafungia Wageni Bariere

Shefu wenu mupya aliniomba niwaandikie jinsi kazi ya barabara ilivyokuwa kabla yenu. Nikamujibu kwamba nilisoma mupaka sekondari ya tatu tu, na kwamba mukono wangu unajua bechi ya kuchotea udongo kuliko bic ya kuandikia. Akasema ninyi wenyewe hamutaki maneno makubwa, munataka tu kujua kama kazi hii ina maana. Basi nimeketi hapa Mabanga, kwa dada yangu, na daftari ya mutoto wake wa shule mbele yangu. Mutacheka, kwa sababu mustaafu ni mutu wa mvi na fimbo, na mimi nina miaka thelathini na tisa. Bega langu la kuume ndilo lililozeeka kabla yangu. Daktari alisema halitainua bechi tena. Nikamuuliza kama linaweza kuinua kikombe cha chai. Akasema ndiyo. Basi siko mugonjwa sana.

Kwa mutu asiyeijua barabara yetu: ukitoka Goma, ukishika njia ya Rutshuru, unafika Kibumba. Pale kwenye kanisa inachepuka njia ya udongo upande wa kulia, inapanda kilometa tatu kati ya mashamba ya kabichi na viazi mupaka poti, kituo cha walinzi wa pariki ya wanyama. Ndiyo tunaita barabara ya juu. Haina lami, haina kibao, na kwenye karta nyingi za kuonyesha njia haionekani. Lakini mutalii anayetaka kuona sokwe upande wetu, au kutazama volkano akiwa juu ya kilima, hana mulango mwingine.

Nilianza na miaka kumi na tisa. Baba yangu, mutu wa upande wa Bukavu, alitaka niwe karani au sista. Mimi nilikuwa mutoto wa ndoto. Nilisikia brigedi ya barabara inatafuta watu ishirini, wanaume na wanawake, na kwamba wazungu wanapita pale kila siku. Nikajiambia: siku moja mumoja atashuka, atanipiga picha, na picha yangu itatundikwa ukutani kwao ng'ambo ya bahari. Asubuhi ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya misa. Muzee Rukundo, aliyekuwa mukubwa wa brigedi, aliviangalia viatu vile kwa heshima, kama mutu anayeangalia maiti. Kisha akaniuliza nilikuja kufanya nini. Nikamuambia ukweli, kuona watalii.

"Utaona matairi yao, binti," alisema. "Matairi ndiyo tunajuana nayo."

Wiki ya kwanza hakunikubalia hata kugusa barabara. Alinitia ndani ya mutaro, mupaka magoti, nitoe majani na udongo mweusi. Nilidhani ananiadhibu kwa ajili ya viatu. Baadaye nikaelewa kwamba kazi yote iko mule. Barabara haiuawi na magari, inauawa na maji yasiyojua pa kwenda, na sisi tunayaonyesha njia ya kwenda kwao. Alinifundisha kwamba barabara lazima iwe na mugongo kama ng'ombe aliyeshiba, ili mvua ianguke huku na huku. Isipokuwa na mugongo ni bakuli. Alinifundisha kuchagua mawe ya volkano, yale mazito yanayolia kama chuma ukiyapiga, si yale mepesi yenye matundu yanayosagika mwaka wa kwanza. Bechi yangu aliikata mupini ili ilingane na kimo changu. Kwa hiyo nilijua nimekubaliwa, maana Muzee hakukata mupini kwa mutu atakayekimbia.

Na alinifundisha bariere ya mvua. Hii ninyi mumeikuta kama Amri ya Mungu, lakini kuna mutu aliyeilinda. Muti wa kalipto ulilazwa kuvuka barabara pale chini karibu na kanisa, jiwe limefungwa upande mumoja, kufuli upande wa pili. Mvua ikinyesha, unaushusha. Gari yoyote inangoja mupaka udongo ukaze, iwe ya kabichi, ya askofu au ya watalii. Pikipiki, chukudu zetu za muti za kusukuma na watembea kwa miguu wanapita. Namna ya kujua kama udongo umekaza ilikuwa hii: unakanyaga kwa kisigino, kwa nguvu, unatoa muguu, unahesabu mupaka kumi. Maji yakijaa ndani ya alama ya kisigino, bariere inabaki chini. Watu walitutukana mama zetu na bibi zetu pale kwenye bariere. Muzee aliwajibu wote kwa sauti moja, kwamba atawafikishia salamu.

Mwaka wa pili nilianza kuona kitu ambacho hakuna aliyenifundisha. Kulitokea shimo moja kwenye kona ya chini, tukachelewa kuliziba kwa sababu tulikosa burueti ya kusukumia mawe. Gari za wageni zikaja, zikaliangalia, zikageuka kanisani. Juma lile wamama waliosuka vikapu waliviacha nyumbani. Wabeba mizigo walicheza karata muchana wote. Jirani mumoja aliyeuza mayai kwa kantini ya poti aliyala mwenyewe mupaka akayachoka. Shimo moja, na kijiji kizima kililijua kuliko lilivyojulikana na dereva. Toka siku ile sikuota tena picha ya ukutani. Nilianza kuota barabara yenyewe, na ndoto ile ilinidumu.

Sasa nifike kwa Mama Esperance, maana bila yeye nisingekuwa na jambo la kuwaandikia.

Mama Esperance alikuwa mujane wa mwalimu. Zamani alifua mashuka katika hoteli moja ya Goma, na alijua kukunja shuka mupaka kona zake zisimame kama bahasha. Nyumba yake ya mbao ilikuwa juu kabisa, hatua chache kabla ya poti. Aliuza ng'ombe wake wawili, akaongeza vyumba vinne, akavipaka rangi ya buluu, akasema wageni watalala kwake badala ya kurudi Goma kila jioni. Watu walimucheka. Nani atalala Kibumba, kwenye baridi ya kuua mbuzi? Yeye aliendelea kupaka rangi.

Akaja Papa Deo, mwenye ajansi ya safari mujini. Mutu mwembamba, karta yake ameifunga ndani ya plastiki kama mutoto muchanga. Walipatana hivi, mbele yetu sote pale kwenye bariere: ataleta wageni kumi, usiku mumoja, kujaribu. Wakifika salama na kuondoka salama, nyumba ya Mama Esperance itaandikwa katika programu ya musimu mzima. Wasipofika, atafanya kama zamani, atawapitisha wageni wake Bunagana, walale upande wa pili wa mupaka, ambako lami iko na vitanda viko. Hakukuwa na jaribio la pili. Na ng'ombe walikuwa wamekwisha kuuzwa.

Siku moja kabla ya wageni, mvua ilianza alfajiri. Muzee alikuwa ameshuka Goma kutafuta gurudumu la burueti, akaniachia ufunguo wa bariere. Nilikuwa nimejivuna sana na ufunguo ule, nimeufunga shingoni pamoja na rozari. Saa nne kamio ya mizigo ikafika. Juu yake kulikuwa magodoro mapya chini ya turubai iliyopasuka, na juu ya magodoro Mama Esperance mwenyewe, ametandaza kikwembe chake kuyafunika, yeye ameloa kama kuku.

Hakunitukana. Ingekuwa rahisi. Alishuka, akanishika mikono miwili.

"Zawadi, mutoto wangu, haya magodoro yanakunywa maji. Kesho wageni watalala ndani ya supu?"

Nikaenda kukanyaga. Kisigino kiliingia kama kwenye ugali, maji yakajaa kabla sijafika tatu. Nikamuangalia Mama, midomo yake inatetemeka kwa baridi. Basi nikasogea hatua mbili, nikakanyaga mahali pengine, penye jiwe chini. Maji hayakupanda. Nikahesabu mupaka kumi kwa sauti, dereva asikie. Mutu akitaka jibu analolipenda, jiwe la kukanyaga hakosi. Nikafungua.

Kamio ilipanda vizuri mupaka kona ya pili. Pale kuna bomba linalopitisha maji chini ya barabara. Gurudumu la nyuma likateleza pembeni, likavunja kingo ya mutaro, likalikandamiza bomba. Dereva akaongeza moto wa injini, akachimba, akatoka, akaendelea. Magodoro yalifika makavu kabisa. Nyuma yake alibakiza handaki la kimo cha goti, na maji yote ya mulima yakaona njia mupya, yakaingia humo kwa furaha.

Muzee alirudi saa sita, gurudumu begani. Alilishusha pale kwenye kona, akaliangalia handaki.

"Nani alifungua?"

"Mimi."

"Kisigino kilisema nini?"

"Kilisema hapana."

"Na weye?"

"Nilitafuta mahali pengine pa kukanyaga."

Alivua koti lake, akalitundika kwenye ua wa mutu, akachukua sururu. Ninyi muliozoea shefu wa kupiga kelele, hamujui jinsi koti lililotundikwa linavyoumiza.

Haikuwa Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya kijiji kizima, lakini Muzee alienda kwa shefu wa kijiji, na watu wakatoka na majembe kama ni salongo. Hakuna aliyeuliza kosa ni la nani, kwa sababu wote walijua. Wamama wa vikapu walikuja, na wabeba mizigo, na yule jirani wa mayai. Tulitoa bomba, tukalinyoosha, tukalirudisha. Tukapanga mawe makubwa chini, ya katikati juu yake, kisha kokoto nyeusi, na juu kabisa udongo, tukashindilia kwa magogo, wawili wawili, kwa kuimba. Mama Esperance alibeba mawe kwa kikwembe kilekile. Jua lilipokaribia kushuka kazi ilikuwa imekwisha, nzuri, na mugongo wake. Muzee akailalia tumbo kuitazama usawa, akasimama.

"Sasa inataka kulala kavu," alisema. "Gari isipite mupaka kesho kutwa asubuhi."

Nikamukumbusha kwamba wageni wanafika kesho. Alisema anajua wanafika lini. Nikavua ufunguo shingoni, nikamupa aukamate yeye. Alikataa.

Kesho yake, kabla ya saa nane, mvua ndogo ilipita, na nyuma yake zikaja jeep mbili. Bariere ilikuwa chini. Papa Deo alishuka na karta yake, akaniambia kwa upole nifungue. Nikamueleza ya kona ya pili, yote isipokuwa sehemu yangu. Aliangalia saa. Akasema yeye hana ugomvi na mutu, lakini wageni wake wamelipia safari na si maelezo, na kwamba akigeuza sasa hivi atafika Bunagana kabla mupaka haujafungwa. Dereva wa kwanza alikwisha kuwasha injini.

Mama Esperance aliteremka mbio kutoka juu, kikwembe kipya, unga bado mikononi. Alipoona muti uko chini na mimi nimesimama mbele yake, alisimama pia.

"Zawadi," alisema, "jana ulifungua ju ya magodoro yasiloe. Leo unafungia watu wenye watalala juu yake?"

Nilimutafuta Muzee kwa macho. Alikuwa pembeni anaangalia kabichi, kama hajaona kabichi toka azaliwe. Nikaelewa kwamba hatanisaidia. Machozi yalikuwa yananitoka, sitawaficha, mimi hulia upesi.

"Mama, nikifungua, leo wataingia," nilimuambia. "Kesho hawatatoka. Na baada ya hawa hakuna mwingine atakayekuja kwako."

Alifuta unga kwenye kikwembe kipya, akaharibu kikwembe.

Nikamugeukia Papa Deo, nikamuambia bariere inafunga magari, haifungi miguu. Vijana wa chukudu walioshusha kabichi walikuwa wamepumzika kanisani na chukudu tupu, wangeweza kubeba mizigo, maana gurudumu la muti ni jepesi na halikati udongo. Kilometa tatu tu. Papa Deo alianza kunieleza kwa nini haiwezekani, akataja programu, bima, na umri wa wageni. Wakati anataja umri, bibi muzee kuliko wote, mwenye fimbo mbili za kutembelea, alikuwa amekwisha kuinama na kupita chini ya muti. Alisimama upande wa pili, akatungoja. Wengine wakashuka kwenye gari mumoja mumoja.

Sitawadanganya kwamba walifurahi wote. Wawili walifurahi. Mumoja soli ya kiatu ilibaki kwenye matope, akatembea na kiatu kilichofungwa kamba. Mumoja alinuna mupaka juu, na akanuna juu. Vijana wa chukudu walisukuma mabegi wakijisifu kwamba sasa na wao ni ajansi. Tulipopita kona ya pili niliwaomba watembee pembeni, na Papa Deo aliniangalia kama mutu anayetaka kuniambia kitu lakini pumzi hana. Kwa Mama Esperance kulikuwa moto, supu ya majani ya poro na viazi, na maji ya moto ya miguu. Alihudumia kila mutu, hata vijana wa chukudu. Mimi hakunipa chai. Nilishuka peke yangu nikijua kwamba nyumba ya buluu ingali ndani ya jaribio, na kwamba ikianguka, nimeiangusha mara mbili.

Usiku ule haikunyesha. Asubuhi saa moja nilikanyaga, mahali pa kweli safari hii, nikahesabu mupaka kumi na nikaongeza kumi nyingine. Kavu. Nikainua muti. Jeep mbili zikapanda polepole, mimi natembea mbele yake kama kwenye maandamano ya Sikukuu ya Matawi. Kwenye kona Muzee alilala tena tumbo, safari hii kando ya magurudumu. Zikapita. Kingo haikusogea hata punje.

Papa Deo alikuwa ameshuka kutupokea, na aliona yote. Alichuchumaa, akaikandamiza barabara kwa kidole gumba. Akanieleza kwamba mahali pengine, hakutaja wapi, mulinzi mwenye roho nzuri alimufungulia katika mvua. Wageni wakakwama siku mbili, ndege ikaruka bila wao.

"Mugeni anaweza kutembea," alisema. "Anaweza kuloa. Barabara mbaya anaisamehe, ataenda kuihadithia kwao. Lakini ndege haimungoji. Mie nataka barabara yenye kusema leo hapana, na kesho inasema ndiyo kweli."

Akatoa kalamu, akaniuliza jina, aandike la mutu aliyelinda bariere. Mama Esperance alikuwa ameshuka nyuma yake, amesimama anasikia. Muzee anapangusa tumbo lake udongo. Ningeweza kutaja jina na kunyamaza. Nafikiri kama ningenyamaza hakuna ambaye angenisema.

"Papa, ni mimi niliyeiharibu," nilisema. "Juzi nilifungua katika mvua."

"Ju ya nini?"

"Ju ya magodoro."

Alinitazama, akatazama mahali kamio ilipochimba, akatazama juu upande wa nyumba.

"Nimelala juu yake," alisema. "Ni magodoro mazuri."

Kisha akaandika. Mama Esperance alisoma juu ya bega lake, polepole, kwa mudomo. Nyumba ya Mama Esperance, musimu mzima. Na chini yake: kabla ya kupanda, muulize Zawadi wa bariere. Mama hakunipigia vigelegele. Alisema tu, "Chai yako iko jikoni toka jana. Itakuwa imepoa." Nilikunywa hivyohivyo, baridi, vikombe viwili.

Musimu ule jeep zilipanda, na zilipongoja zilingoja. Nyumba ya buluu iliongezewa vyumba. Jirani wa mayai alinunua kuku wengine, mwalimu mumoja akafungua nyumba ya wageni ya pili, ya kijani, ili tu asifanane na Mama. Muzee Rukundo aliniachia brigedi akaenda kupumzika, na Mungu amupumzishe sasa. Halafu ikaja miaka ambayo gari za wageni hazikupanda. Sababu munazijua, na hii ni daftari ya mutoto, sitaziandika humu. Tulisafisha mitaro vilevile. Watu waliuliza munamusafishia nani. Tukawaambia kabichi. Na ilikuwa kweli, kabichi zilishuka kila juma. Lakini mimi, mutu wa ndoto, nilikuwa namusafishia na mugeni ambaye hamu yake ya kuja haijazaliwa. Wachache waliporudi, barabara ya juu ilikuwa pale, na mugongo wake. Hii ndiyo fahari yangu, na siioni aibu kuiandika.

Wiki niliyoacha kazi, Mama Esperance alipiga simu, akasema nipande nilale kwake kama mugeni, na nisithubutu kufika kwa miguu. Alinitafutia nafasi katika gari iliyoleta wageni. Walikuwa mwalimu wa Bukavu na bibi yake wa ndoa, watu wa nchi yetu hii, wanakuja kutazama volkano usiku kwa mara ya kwanza. Dereva alikuwa mugeni kwenye njia yetu, hakunijua. Miaka ishirini, na sikuwa nimewahi kuipanda nikiwa nimeketi.

Tukachepuka kanisani. Mikono yangu ilishika kiti kwenye kila kona, kwa mazoea, bila sababu. Dereva aliongea mambo ya mupira, mukono mumoja tu kwenye usukani. Tulipopita nusu ya njia, kichwa cha mwalimu kiliegemea kioo, mudomo ukafunguka, akaanza kukoroma. Gari ilipanda, ikavuka mabomba yote, na kioo hakikumugonga hata mara moja.

Bibi yake aliona aibu mbele yangu. Akanyoosha mukono amuamushe, aone mashamba, asije akafika bila kuona kitu.

Nilimushika ule mukono.

"Mama, nakuomba," nilimuambia. "Muache alale mupaka juu."